Anayekimbia Kinyumenyume: Utangulizi wa Kazi ya Beki wa Futiboli ya Marekani

Ukiwasha televisheni na kukuta futiboli ya Marekani, macho yako yatamfuata mwenye mpira. Ni jambo la kawaida, na kamera nazo hufanya hivyo hivyo. Utangulizi huu unakuomba uyahamishe macho hayo kidogo, umtazame mchezaji anayekimbia kinyumenyume upande wa pili: beki wa nyuma. Watu humsifu kwa mbio zake. Mimi nitajaribu kukuonyesha kwamba mbio humfikisha kwenye ligi, lakini kinachomweka humo miaka mingi ni kusoma mchezo.

Tuanze na msingi. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi, kutoka mstari mmoja wa goli hadi mwingine. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele walau yadi 10, ambazo ni mita 9 na ushei. Kila nafasi huitwa dauni. Ikizipata yadi hizo, hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Baada ya kila dauni mchezo husimama na pande zote hujipanga upya. Kama umezoea soka, kusimama huko kutakuudhi mwanzoni. Vumilia, kwa sababu ni katika sekunde hizo beki anafanya sehemu kubwa ya kazi yake.

Mashambulizi huongozwa na kwotabeki. Jina lake lisikuchanganye: yeye ndiye mrushaji wa mpira, na hana kazi ya ulinzi. Wanaokimbia mbele kuudaka mpira huo ni wapokeaji. Mpokeaji akiudaka ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, lililo nyuma ya mstari wao wa goli, timu yake hupata tachidauni, bao lenye thamani ya pointi 6. Kazi ya mabeki wa nyuma ni kuhakikisha hilo halitokei.

Kwa kawaida mabeki hawa huwa wanne. Wawili husimama pembeni, uso kwa uso na wapokeaji: hao ni makonabeki. Wawili wengine husimama nyuma zaidi, mahali wanapouona uwanja wote: hao huitwa maseifti, na ndio ngome ya mwisho. Wapinzani wakiongeza mpokeaji, beki wa tano huingia, na siku hizi jambo hilo ni la kila mchezo.

Wote hukaba kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukaba mtu kwa mtu: beki anapewa mpokeaji mmoja na kumfuata kokote aendako. Ya pili ni kukaba eneo: beki analinda sehemu yake ya uwanja na kumdhibiti yeyote anayeingia. Timu nzuri huzichanganya, na mara nyingi huonyesha moja kabla ya mpira kuanza, kisha hucheza nyingine. Ukishazitofautisha njia hizi mbili, nusu ya giza la mchezo huu imeondoka.

Sasa tazama ugumu wenyewe. Mpokeaji anajua anakokwenda, beki hajui. Mpokeaji anakimbia akitazama mbele. Beki anaanza kwa kurudi nyuma, magoti yamekunjwa, uzito uko kwenye vidole vya miguu, tayari kugeuka upande wowote. Makocha humfundisha asitazame macho wala mabega ya mpinzani, kwa kuwa hivyo vinaweza kudanganya. Atazame kiuno. Mtu hawezi kwenda kushoto huku kiuno chake kikielekea kulia.

Huenda unajiuliza: kwa nini asimshike tu mpokeaji akamzuia? Zamani iliwezekana kwa kiasi kikubwa. Mel Blount, konabeki wa Pittsburgh Steelers, alikuwa mrefu na mwenye nguvu, na aliwasukuma wapokeaji hadi wakapoteza njia. Mwaka 1978 NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ilibadili kanuni: beki aruhusiwe kumgusa mpokeaji kwa namna hiyo ndani ya yadi 5 tu kutoka mahali mchezo unapoanzia. Kanuni hiyo bado inajulikana kwa jina la Blount. Tena, beki akimzuia mpokeaji isivyo halali pasi ikiwa hewani, mpira huwekwa pale pale faulo ilipotokea, hata kama ni yadi 40 mbele. Kwa hiyo njia ya nguvu imebanwa sana. Iliyobaki wazi ni njia ya akili.

Mfano bora ninaoujua ni wa Malcolm Butler. Alisoma West Alabama, chuo kisicho na jina kubwa katika mchezo huu. Mwaka 2014 hakuna timu iliyomchagua kwenye uteuzi rasmi wa wachezaji wapya. New England Patriots walimchukua baada ya kumjaribu. Tarehe 1 Februari 2015, katika fainali ya ligi iitwayo Super Bowl, Patriots walikuwa wakiongoza kwa pointi 28 dhidi ya 24 za Seattle Seahawks. Zilikuwa zimesalia sekunde 26, na mpira wa Seattle ulikuwa yadi moja tu kutoka mstari wa goli. Wapokeaji wawili wakajipanga kulia, mmoja nyuma ya mwenzake. Butler aliutambua mpangilio huo, kwa sababu mazoezini pasi ya namna hiyo hiyo ilikuwa imempita naye akasahihishwa. Mwenzake Brandon Browner alimkaba mpokeaji wa mbele asisogee. Butler hakusubiri. Alitimua mbio kuelekea mahali ambapo mpira ungefika, akafika pamoja na mpokeaji na kuunasa. Kunasa pasi ya mpinzani ndilo tendo kubwa kuliko yote kwa beki, na hiyo ilikuwa pasi ya kwanza aliyoinasa katika ligi. Ikawapa Patriots ubingwa.

Tukio hilo linatupeleka kwenye safari ya kazi yenyewe. Kijana huanzia sekondari, kisha chuo kikuu, na haruhusiwi kuingia NFL kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari. Wanaotazamiwa hualikwa kwenye majaribio ya pamoja, ambayo kwa muda mrefu yamefanyika Indianapolis. Hupimwa urefu, mikono, na mbio za yadi 40. Kisha huja uteuzi wa raundi saba, ambapo timu 32 huchagua kwa zamu. Anayechaguliwa husaini mkataba wa miaka minne. Anayeachwa, kama Butler, huomba nafasi ya kujaribiwa. Kila kikosi kina nafasi 53 tu, na kila mwaka vijana wenye kasi mpya hugonga mlango.

Ni kazi inayoumiza pia. Magoti hukatika kano, na migongano ya vichwa imeifanya ligi ikaze kanuni dhidi ya kumgonga mtu kwa kofia ya kichwani. Miaka inavyopita kasi hupungua, na hapo ndipo beki asiye na elimu ya mchezo huaga.

Mwenye elimu hiyo hubadilika. Rod Woodson aliingia Steelers mwaka 1987 akiwa konabeki mwenye mbio kali, aliyekuwa pia mkimbiaji wa kuruka viunzi. Mwaka 1995 aliumia goti vibaya katika mchezo wa kwanza wa msimu, lakini alirudi kucheza Super Bowl ya msimu huo huo. Mwaka 1999, akiwa Baltimore Ravens, alihamia nafasi ya seifti, ambako macho yanasaidia kuliko miguu. Mwaka 2002, akiwa Oakland Raiders na umri wa miaka 37, alinasa pasi 8, idadi ambayo hakuna aliyeizidi katika ligi msimu huo. Alimaliza misimu 17 akiwa amenasa pasi 71, na mwaka 2009 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huu huko Canton, Ohio.

Usidhani basi kwamba kipimo cha beki ni pasi alizonasa tu. Ni kweli kwamba Richard Lane, aliyejulikana kama Night Train, alinasa 14 katika michezo 12 mwaka 1952, msimu wake wa kwanza na Los Angeles Rams, na rekodi hiyo haijavunjwa ingawa leo msimu una michezo 17. Lakini konabeki hodari sana huweza kumaliza mchezo bila kuugusa mpira, kwa sababu kwotabeki hakuthubutu kurusha upande wake.

Nakusihi basi, mchezo ujao, chagua dauni moja uusahau mpira. Mtazame konabeki mmoja tangu wachezaji wanapojipanga: amesimama karibu au mbali, anamtazama nani, anageuka lini. Fanya hivyo mara kumi, na utakuwa umeanza kuuelewa mchezo huu kutoka upande ambao watazamaji wengi hawaufikii.