Matembezi ya Unguja Mjini: Daraja li Wapi?

Sisi tukaao karibu na mto Pangani twajua vema maana ya neno ng'ambo. Ni upande wa pili wa maji, na mtu asiye na mtumbwi wala daraja hafiki huko ila kwa kuogelea, tena kwa ruhusa ya mamba. Lakini msafiri wa Makuyuni afikaye Unguja mara ya kwanza huambiwa, "Pita Darajani, ndipo utaingia Ng'ambo." Huenda akatafuta daraja, asilione, akatafuta maji, asiyaone, akarudi kwa wenyeji akidhani wanamfanyia mzaha. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jambo hili, na kuwatembeza katika mji huo wa kale, pasipo nauli.

Zamani mji wa mawe wa Unguja ulikaa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Hori, yaani mkono wa bahari, liliingia upande wa Funguni, likazunguka nyuma ya mji mpaka karibu na Mnazi Mmoja. Maji yalipojaa, mji ulizungukwa karibu pande zote. Yalipokupwa, palibaki tope na harufu yake. Wazungu waliofika Unguja katika karne ya 19, kama Dr. Livingstone mwaka 1866, walilalamika sana juu ya uvundo wa mji. Daraja lilijengwa juu ya hori, na mahali pake pakaitwa Darajani. Waliokaa upande wa pili walikuwa watu wa Ng'ambo, na wengi wao walikuwa maskini, wenye nyumba za udongo na makuti.

Huko Italia uko mji wa Venice, wenye mifereji zaidi ya 150 na madaraja zaidi ya 400, na watu huenda kwa mashua kama sisi tuendavyo kwa miguu. Watu wa Venice waliyatunza maji yao; watu wa Unguja waliyafukia. Katika karne ya 20 hori lilijazwa kidogo kidogo, pakawa barabara na viwanja. Barabara ile iliitwa Creek Road, na siku hizi ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Maji yamekwenda zake, majina yamebaki.

Sasa tuanze matembezi Forodhani. Mbele yetu ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Hapo ndipo palipopigwa mizinga ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokalia kiti cha usultani bila ridhaa yao. Vita vile havikutimiza saa moja. Mwenye kubandika maharage jikoni mzinga wa kwanza ulipolia, vita vilikwisha maharage hayajaiva. Lakini waliopoteza jamaa zao hawakucheka, maana watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Tuingie vichochoroni. Njia ni nyembamba hata punda mwenye mizigo na bwana mwenye kitambi hawapishani bila mashauriano. Lakini wembamba huo huleta kivuli. Tazameni milango iliyonakshiwa, yenye misumari mikubwa ya shaba. Husemwa kwamba desturi hiyo ilitoka Bara Hindi, ambako misumari ilizuia tembo wasivunje milango. Unguja hapana tembo. Wazee wa Handeni, ambao tembo wamewalia mahindi, wataona kwamba misumari hiyo ingefaa zaidi kwao.

Mwaka 1905, reli ya Tanga ilipofika Mombo, Unguja nayo ilifungua reli yake ya kwenda Bububu, kadiri ya maili 7. Gari la moshi lilipita katikati ya mji, karibu mno na milango ya watu. Reli hiyo haikudumu, iling'olewa zamani.

Twende Mkunazini, tuvue kofia. Hapa palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Walioletwa hapa walitoka bara, na njia mojawapo ya misafara ilishukia Pangani. Askofu Steere, aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, akajenga kanisa mahali pale. Husimuliwa kwamba alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadha kichwa chini, miguu juu. Aliporudi aliziacha hivyo, nazo hata leo zinasimama.

Kisha twatokea Darajani, penye soko lililofunguliwa mwaka 1904. Tuvuke barabara, tumekwisha fika Ng'ambo, na viatu vyetu ni vikavu. Huko, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, yalijengwa majumba marefu ya Michenzani.

Mwisho twataka kueleza jambo lisilo la mzaha. Nyumba za mji ule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Adui yake ni maji ya mvua. Yakipenya darini, boriti huoza. Boriti ikioza, sakafu huinama. Na ukuta ukinywa maji, huachana mawe yake. Mwaka 2000 mji huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, lakini kuandikwa hakuzuii mvua. Mwaka 2012 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka. Mwaka 2020, tarehe 25 Desemba, matengenezo yakiendelea, sehemu kubwa ikaporomoka na watu wawili wakafa. Jumba lililookoka mizinga ya mwaka 1896 halikuokoka uchakavu.

Basi waalimu wenye madarasa, na wazee wenye nyumba za mikutano, wasingoje mvua za masika. Bati lililotoboka lizibwe kiangazi, na mfereji wa kuondoa maji ukutani uchimbwe mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.