Pablo Fanque, mtu mweusi aliyekuwa na sarakasi yake katika Uingereza ya malkia Victoria

Mwaka 1810, katika mtaa wa Piccadilly jijini London, watu walitoa pesa kumtazama Sara Baartman, mwanamke aliyeletwa kutoka Afrika Kusini na kuonyeshwa kama mnyama. Mwaka huo huo, katika mji wa Norwich, mashariki ya Uingereza, alizaliwa mtoto mweusi aliyeitwa William Darby. Miaka 31 baadaye, mtoto huyo alikuwa mwenye sarakasi yake mwenyewe. Wazungu walipanga mstari mlangoni kwake, walilipa, na mke wake ndiye aliyepokea pesa.

Uingereza nzima ilimjua kwa jina la Pablo Fanque. Jina hilo alijipatia kazini, maana wanasarakasi wa wakati ule walipenda majina yenye harufu ya nchi za mbali. Baba yake, John Darby, alikuwa mtu wa asili ya Afrika. Wakati William anazaliwa, ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa, na utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika makoloni yake.

Akiwa bado mtoto, mwaka 1821, alionekana Norwich akicheza katika sarakasi ya William Batty. Ndivyo kazi hiyo ilivyofundishwa. Mtoto alikabidhiwa kwa mwenye sarakasi, akala kwake, akalala kwake, akasafiri naye, na kwa miaka mingi jasho lake lilikuwa faida ya bwana wake. Darby alijifunza kupanda farasi, kuruka na kutembea juu ya kamba. Lakini kilichompa heshima hasa ni kufundisha farasi.

Hapa inafaa kusema sarakasi ya zamani ilikuwa nini, kwa sababu wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria simba na tembo. Sarakasi ilizaliwa na farasi. Mwaka 1768, Philip Astley, askari wa zamani wa farasi, alianza kuonyesha ufundi wake London. Farasi akikimbia kwa kuzunguka, mtu anaweza kusimama mgongoni mwake bila kuanguka kwa urahisi, kwa sababu mzunguko wenyewe unamsaidia kushika mizani. Uwanja wa duara wenye upana wa mita 13 hivi, ambao sarakasi nyingi zinautumia hadi leo, unatoka kwa Astley. Kwa hiyo mtu aliyetaka sarakasi yake alihitaji kwanza farasi, na farasi wanakula kila siku, hata siku ambayo watazamaji hawakuja.

Kazi ya ukoo

Ndiyo sababu sarakasi hizi zilikuwa kazi za familia. Mke alikaa mlangoni, watoto walipanda kamba mapema sana, shemeji alipiga muziki au alilisha farasi. Mtu wa nje lazima umlipe kila juma. Mtoto wako unamlisha tu. Tena waliozaliwa ndani walioana wenyewe kwa wenyewe. William Kite, aliyefanya kazi kwa Fanque, alikuwa mtoto wa mwenye sarakasi. John Henderson, fundi wa kamba, alimuoa Agnes, binti wa ukoo wa Hengler, ambao nao walikuwa wakubwa wa kazi hiyo. Ukisoma majina kwenye afishi za wakati ule unaona watu mbalimbali, kumbe mara nyingi ni ukoo mmoja.

Fanque aliachana na Batty mwaka 1841, akaanza na farasi wachache. Alichagua miji ya kaskazini, kule viwanda vilikokuwa vinajaza watu: Leeds, Bradford, Rochdale, Wigan, Sheffield. Wafanyakazi wa viwanda walikuwa na saa chache za kupumzika na pesa kidogo mfukoni, na sarakasi ilijua bei yao. Mara nyingi watu hawakukaa chini ya hema. Walijengewa jumba la mbao haraka haraka, sarakasi ikacheza majuma kadhaa, kisha safari ikaendelea.

Alijua pia kupendwa. Ulikuwepo usiku maalumu ambapo mapato yalikwenda kwa mchezaji mmoja, au kwa vyama vya kusaidiana vya wafanyakazi, vile vilivyozika maskini na kulisha wajane. Fanque alitoa usiku kama huo mara nyingi. Ulikuwa wema, na ilikuwa pia akili ya biashara: chama kikipata faida, wanachama wote wanakuja na familia zao.

Mwaka 1847 alicheza Astley's, jumba mashuhuri la sarakasi London, na gazeti la Illustrated London News likamsifu yeye pamoja na farasi wake Beda, aliyecheza kwa kufuata muziki. Gazeti halikuacha kutaja rangi ya ngozi yake. Mchekeshaji William Wallett, rafiki yake wa miaka mingi, aliandika kitabu kuhusu maisha yake na humo akasimulia kisa cha Oxford. Fanque alikuwa mvuvi hodari wa ndoana, alivua samaki wengi huku wazungu kando yake wakikosa. Siku nyingine akamkuta mwanafunzi mmoja ukingoni amejipaka rangi nyeusi usoni, akiamini kwamba siri ni ngozi. Wallett aliandika kisa hicho ili watu wacheke. Fanque mwenyewe alikionaje, kitabu hakisemi.

Usiku wa Leeds

Tarehe 18, mwezi wa tatu 1848, sarakasi ilikuwa Leeds, katika jumba la mbao la King Charles Croft. Usiku huo mapato yalikuwa ya Wallett, kwa hiyo watu walijaa. Mtoto wa Fanque alikuwa juu ya kamba. Ghafla sehemu ya viti ikavunjika, na watu wapatao 600 wakaanguka pamoja na mbao.

Chini ya viti hivyo ndipo palipokuwa mahali pa kulipia. Susannah, mke wa Fanque, alikuwa hapo kwenye kazi yake ya kila usiku. Mbao zilimpiga kichwani. Fanque alikimbia kumtoa, wakambeba hadi nyumba ya wageni iliyo karibu, lakini alikuwa amekwisha kufa. Kati ya mamia ya watu walioanguka, ni yeye tu aliyepoteza maisha. Katika fujo hiyo wezi walichukua pesa za mlangoni, zaidi ya pauni 50.

Miezi mitatu baadaye, Fanque alimuoa Elizabeth Corker, mpanda farasi kijana. Anayetaka kumhukumu kwa haraka hiyo akumbuke kwamba sarakasi ya familia bila mama haitembei. Kulikuwa na watoto, farasi, wachezaji, na mji mwingine unangoja.

Biashara haikurudi kuwa rahisi. Madeni yalimshika, na mdai wake alikuwa Batty yule yule aliyemlea utotoni. Mwishoni mwa miaka ya 1850 Fanque alifikishwa mahakamani kama mtu aliyefilisika. Aliendelea kuzunguka na watoto aliowazaa na Elizabeth. Alikufa tarehe 4, mwezi wa tano 1871, katika nyumba ya wageni mjini Stockport. Maiti ilipelekwa Leeds, ambako maelfu walisimama barabarani. Bendi ilitangulia, na farasi aliyempenda alitembea katika msafara.

Kisha jina likapotea. Miaka 26 baada ya kifo chake, mfalme Léopold II alipeleka Wakongo 267 kuonyeshwa Tervuren, Ubelgiji. Saba walikufa huko. Picha hiyo ya mtu mweusi mbele ya watazamaji wa Ulaya ndiyo iliyobaki vichwani mwa wengi, na ya mwenye sarakasi ikafutika.

Kilichomrudisha ni karatasi moja. Mwanzoni mwa 1967, John Lennon wa kundi la Beatles alinunua katika duka la vitu vya zamani mjini Sevenoaks afishi ya sarakasi ya Fanque, ya Rochdale, mwezi wa pili 1843, usiku wa mapato ya William Kite. Kutoka kwenye afishi hiyo akatunga wimbo "Being for the Benefit of Mr. Kite!", na jina la Fanque limo ndani. Mamilioni wameusikia bila kujua kwamba mtu huyo alikuwepo kweli, sembuse kwamba alikuwa mweusi.

Kaburi lake liko Leeds, mahali panapoitwa St George's Field, ambapo sasa ni ndani ya uwanja wa chuo kikuu. Wanafunzi wanapita hapo wakienda darasani. Fanque amelazwa kando ya Susannah.