Kusi, Kaskazi na Ngome ya Mombasa

Tarehe 13 Machi 1696, merikebu za Imamu Saif bin Sultan wa Oman zilifika Mombasa. Ndani ya Ngome ya Yesu walikuwamo Wareno wasiofika mia moja, pamoja na wenyeji zaidi ya elfu moja, wake kwa waume, waliokimbilia humo na watoto wao. Ngome haikuanguka mpaka tarehe 13 Desemba 1698. Hiyo ni miezi 33. Mji wa Akka huko Palestina, ambao Wakristo waliuzingira huku jeshi la Salahuddin likiwazingira wao kwa nyuma, ulistahimili kuanzia Agosti 1189 hadi Julai 1191, nao ndio unaotajwa siku zote vita vya misalaba vinaposimuliwa. Mombasa inastahili kutajwa vivyo hivyo, na jibu la kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo halipatikani katika ushujaa peke yake.

Tuanze na ukuta. Zama za Akka silaha kubwa ilikuwa manjaniki, mtambo wa kurusha mawe, na kinga yake ilikuwa ukuta mrefu kwenda juu. Baruti ikaja kuuaibisha ukuta wa namna hiyo: mwaka 1453 mizinga ya Sultani Mehmed wa Pili ilibomoa sehemu za kuta za Konstantinopoli. Wajenzi wa Italia wakarudi kwenye jiometria. Wakashusha kuta, wakazinenepesha, na kwenye pembe wakatokeza buruji zenye ncha. Faida yake ni hii: mnara wa duara huacha mbele yake kipande cha ardhi ambacho mlinzi hakioni, na hapo ndipo adui huchimba kwa raha. Buruji yenye ncha haiachi kipande hicho, kwa kuwa kila uso wake unaonekana na kupigwa risasi kutoka buruji ya jirani. Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milano aliyewatumikia Wareno wa India, ndiye aliyeichora ngome ya Mombasa kwa kanuni hizo, na ujenzi ulianza mwaka 1593.

Msingi wake ni mwamba wa matumbawe uliochongwa pale pale ulipo, na juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe kwa chokaa. Huku kwetu Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, tunajua kazi ya tanuri: moto huukaza udongo wa kichuguu usirudi kuwa tope tena. Chokaa ya pwani hupita njia nyingine. Tumbawe likichomwa hutoa gesi ya kaboni na kubaki unga. Unga ukichanganywa na maji na kupakwa ukutani, huinyonya gesi ile ile kutoka hewani, polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka unakuwa jiwe kama ulivyokuwa. Kwa hiyo ukuta uliowakabili Waomani ulikuwa umekomaa kwa karne nzima. Mizinga yao haikuufungua.

Kilichoamua vita ni upepo. Bara la Asia likipata joto kali, hewa yake hupanda na kuvuta upepo kutoka baharini: hiyo ndiyo kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Septemba. Bara likipoa, mwendo hugeuka, na kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi. Sasa fikiria kapteni wa Mombasa anayetaka msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India. Barua yake husafiri na kusi, lakini askari hawawezi kuja mpaka kaskazi irudi. Waomani walifika mwezi Machi, mwisho wa kaskazi, na msaada wa kwanza kutoka Goa uliingia Desemba. Kapteni João Rodrigues Leão alikuwa amekwisha kufa.

Baada ya hapo ukaja ugonjwa ambao kumbukumbu za Wareno zinauita tauni. Watu wengi walijazana ndani ya kuta, hawana pa kutupa uchafu wala pa kuzikia, chakula kidogo. Mwaka 1697 walikufa kwa makundi, na mwezi Agosti akafa kapteni mpya, António Mogo de Mello. Hapo uongozi wa ngome yenye jina la Yesu ukashikwa na Bwana Daud, mwana wa watawala wa Faza, mji wa Waislamu katika kisiwa cha Pate. Alikuwa na jamaa zake wachache na wanawake wa Kiafrika wapatao hamsini. Anayetaka kuvieleza vita hivi kuwa vya msalaba na mwezi peke yake hana budi kwanza amweleze Daud. Faza ilikuwa na ugomvi wake wa miaka mingi na mji wa Pate, na mji huo ulikuwa upande wa Oman.

Septemba 1697 kusi ilileta msaada kutoka Msumbiji, ukiongozwa na merikebu Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein nchini India mwaka 1681. Mwezi uliofuata ilikwama, ikapoteza usukani, ikazama chini ya ngome. Tope ndilo lililoihifadhi, maana viumbe wanaotoboa mbao baharini huhitaji oksijeni, na ndani ya tope oksijeni ni haba. Mabaki yaliyofukiwa yaliwangoja wapiga mbizi wa akiolojia, waliofanya kazi hapo kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu walivyovitoa vinaonyeshwa leo katika jumba la makumbusho lililomo ngomeni humo.

Mwishoni Waomani waliupanda ukuta, na walinzi walikuwa wamebaki wachache mno. Siku chache baadaye, kaskazi ikiwa imeanza kuvuma, merikebu za msaada kutoka Goa zilitokea, zikaona bendera ya Oman juu ya ngome, zikaenda zake. Wareno waliirudia Mombasa mwaka 1728. Safari hii waliowazingira ni watu wa mji wenyewe, na kufikia Novemba 1729 ngome ilikuwa imesalimu amri.