Bustani ya Pamoja Kyebando: Mboga Zisishuke Bondeni

Kyebando, katika Tarafa ya Kawempe jijini Kampala, ni mteremko. Juu nyumba zimebanana. Chini unapita mfereji wa Nsooba, ukipeleka maji ya mvua na uchafu wa kila aina hadi ardhioevu ya Lubigi. Northern Bypass, barabara ya kilomita 21 iliyofunguliwa mwaka 2009, nayo inapita hapo. Nafasi iliyo wazi hupatikana bondeni, na ndiko wakazi wanakoitazamia bustani ya mtaa: watoto wacheze, akina mama walime mboga. Watoto wacheze, ila mbali na mfereji. Mboga za majani kama nakati na dodo zisipandwe huko.

Tatizo ni metali nzito. Grace Nabulo na wenzake walipima udongo na mboga za kando ya barabara za Kampala, wakachapisha matokeo mwaka 2006: risasi hupungua haraka kadiri unavyoiacha lami, na kufikia mita 30 hali hurudi karibu na kawaida. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka huo huo, kwa hiyo Bypass ina nafuu kuliko barabara kongwe kama ya Gayaza. Lakini risasi haiozi. Iliyokwisha kutua ardhini bado ipo, na matairi yanaendelea kumwaga zinki.

Majani mapana hudaka vumbi. Sehemu kubwa ya risasi hukaa juu ya jani, hivyo kuosha kwa maji safi kunasaidia. Kumwagilia kwa maji ya mtaroni ni kuharibu kazi hiyo. Kadimi, metali nzito nyingine, ni balaa lingine: huingia kwa mizizi, na hakuna sufuria ya maji itakayoitoa. Majani huilimbikiza kuliko matunda, na ndiyo maana karibu na barabara ningeanza na nyanya au mahindi. Udongo wenye tindikali huiachia kadimi kwa urahisi, basi mboji na jivu kidogo vina faida zaidi ya rutuba.

Dawa rahisi Kyebando wanaijua tayari: magunia na matuta yaliyoinuliwa, yakijazwa udongo wa juu mteremkoni na mboji. Watoto nao wanawe mikono kabla ya kula, maana wao humeza udongo kuliko wakubwa.

Kuna na suala la ardhi, ambalo wataalamu wa udongo hupenda kulikwepa. Eneo kubwa la Buganda ni ardhi ya mailo, aina ya umiliki iliyotokana na Mkataba wa 1900. Mwenye hati na mwenye kibanja, yaani anayeikalia ardhi hiyo, mara nyingi ni watu wawili. Bustani isiyo na makubaliano ya maandishi na wote wawili itang'olewa siku nyumba itakapotaka kusimama. Pia sheria ndogo za jiji za 2006 zinadai kibali cha kulima.

Kabla ya kununua mbegu, nendeni kituo cha kilimo cha Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) kilichoko Kyanja, mkaulize kuhusu udongo wenu.