Dhahabu Ipimayo Malaria

Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, hapa Unguja, utaona maduka ya masonara na dhahabu yao ya manjano. Lakini iko dhahabu nyingine kisiwani, isiyovaliwa shingoni, na rangi yake ni nyekundu. Imo ndani ya kipimo cha haraka cha malaria, kile wanachotumia katika vituo vya afya.

Dhahabu huwaje nyekundu? Ikiwa chembe ndogo mno hubadili rangi. Mtaalamu Michael Faraday alilichunguza jambo hili mjini London katika miaka ya 1850. Gawa milimita moja mafungu 25,000: fungu moja ni nanomita 40, nazo chembe za kipimo hiki ni za kadiri hiyo. Huvikwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea vya malaria, kama ulimbo unasavyo ndege.

Tone la damu ya kidole hutiwa tunduni, kisha matone ya maji ya dawa. Maji hupanda katika ukanda kama mafuta ya taa katika utambi, yakichukua damu na dhahabu pamoja. Penye herufi T zimewekwa kingamwili nyingine. Vimelea vikiwamo, dhahabu hukwama hapo, na mstari mwekundu huonekana. Mstari wa herufi C sharti utokee kila mara. Usipotokea, kipimo kimeharibika, nacho kirudiwe. Majibu husomwa baada ya dakika 15 au 20, bila darubini wala umeme.

Huko Marekani wataalamu wamevika dhahabu chembe za silika ili kuunguza uvimbe kwa mwanga. Mwaka 2019 walitoa taarifa ya majaribio kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Hayo ni majaribio. Kipimo chetu ni kazi ya kila siku.

Zanzibar ilianza kutoa dawa mseto bure mwaka 2003. Baadaye vikaja vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na kipimo hiki. Malaria ikashuka mno, hata kwa miaka mingi wenye vimelea walikuwa chini ya mmoja katika watu mia. Kwa hiyo homa nyingi za hapa si malaria.

Hapa ndipo penye hatari. Mama huambiwa mtoto hana malaria, naye hanuni tu, bali huenda dukani kununua dawa ya malaria. Kumbe mtoto ana homa ya mapafu, na siku zinapotea! Kipimo kikisema hapana, uliza: "Basi anaumwa nini?"

Tena, kipimo kina mipaka. Vimelea vichache mno huweza kukikwepa. Nayo protini yaweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Basi mwambie tabibu kama ulitibiwa malaria karibuni, au kama umetoka safari ya bara. Na homa isipopungua, usingoje. Rudi ukapimwe tena.