Mzazi, hesabu za mwanao zianzie kwenye ungo wa maharage

Kasulu. Mtoto wa miaka minne anaweza kuimba moja mpaka kumi bila kukosea, wageni wakampigia makofi na mzazi akaamini kuwa hesabu zimeshaingia. Mwambie sasa achukue maharage matano kwenye ungo akupe. Wengi wa umri huo huchota konzi nzima.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo wazazi wengi hawaioni mapema, iwe Kasulu, Kibondo au kwingineko nchini. Kutaja namba kwa mpangilio ni wimbo. Kujua kwamba neno "tano" ni vitu vitano, visizidi wala kupungua, ni kazi nyingine na huchukua miezi mingi. Mtoto huelewa kwanza moja, kisha mbili, kisha tatu, kwa kawaida kuanzia miaka miwili na nusu hadi minne au zaidi kidogo.

Akiingia darasa la kwanza akiwa na wimbo tu, mwalimu akiandika 3 + 2 ubaoni hana cha kushikilia. Hofu ya hesabu huanzia hapo, na huweza kumfuata mpaka sekondari, ambako kwa miaka mingi Hisabati limekuwa somo linaloangusha wanafunzi wengi katika mtihani wa kidato cha nne.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Greg Duncan walichambua takwimu za tafiti 6 zilizofuatilia watoto kwa miaka kadhaa Marekani, Uingereza na Kanada. Walibaini kuwa ujuzi wa hesabu anaoingia nao mtoto shuleni unaashiria maendeleo yake ya baadaye kuliko hata ujuzi wa awali wa kusoma. Hiyo haina maana kwamba aliyechelewa amekwisha. Maana yake ni kwamba miaka ya nyumbani ina uzito.

Serikali nayo, kupitia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM) iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi kwa watoto hadi miaka minane. Mkoa wa Kigoma pia ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania, ambao uliandaa watoto waliokosa darasa la awali kwa hadithi, nyimbo na michezo, wengi wao wakiwa hawajazoea Kiswahili kwa sababu nyumbani huzungumza lugha ya mama.

Jikoni na shambani

Habari njema ni kwamba vifaa vipo. Familia inayochambua maharage inaweza kumpa mtoto kazi ya kutenga ya njano na mekundu, kisha kumuuliza: "Yapi ni mengi?" Kutenga kwa rangi na kulinganisha wingi ni hesabu kamili, hata kama hakuna namba iliyotajwa.

Wakati wa kula, mtoto agawe sahani. Kila mtu sahani moja. Zikipungua mbili, aambiwe azifuate mbili. Akimenya muhogo na mama, atafute kipande kirefu na kifupi. Akiteka maji, akisie: kidumu hiki kitajaa kwa vikombe vingapi? Kisha wahesabu pamoja waone nani alikaribia.

Msimu wa kupanda, mzazi anapoweka mbegu mbili za mahindi kwa kila shimo, mtoto amepata kuzidisha kabla ya kulisikia neno hilo: mashimo matatu, mbegu ngapi? Jioni, mdako unamfundisha kutoa kokoto shimoni na kurudisha, akibakiza moja, kisha mbili, kisha tatu.

Tahadhari moja ya kiafya: mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe maharage, kokoto wala vizibo. Huviingiza puani na masikioni, na vinaweza kumpalia. Huyo ahesabu vikombe, viazi au magunzi ya mahindi. Hata aliye mkubwa kidogo, mzazi awe karibu.

Tano ya sokoni na tano ya daftari

Sokoni, mtoto ahesabu nyanya za kila fungu kabla mama hajalipa. Nyumbani apewe sarafu za shilingi 100 na 200, atafute njia zote za kupata 500. Ziko njia tatu: sarafu tano za 100, au mbili za 200 na moja ya 100, au moja ya 200 na tatu za 100. Aone zote zinanunua kitu kilekile. Na nafasi ya kutumwa dukani na kuhesabu chenji isiwe ya wavulana peke yao.

Lakini soko pekee halitoshi. Utafiti maarufu uliofanywa mjini Recife, Brazil, na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa watoto wachuuzi walipiga hesabu za bei na chenji karibu zote kwa usahihi, lakini walipopewa hesabu zilezile kwa karatasi na kalamu walikosa nyingi. Akili ilikuwepo, kilichokosekana ni daraja. Kwa hiyo baada ya kuhesabu nyanya nne, mzazi achore duara nne chini kwa kijiti, kisha aandike 4 pembeni. Mtoto aone kuwa ni jambo moja.

Kiha ni mtaji

Wapo wazazi wanaosita kuhesabu kwa Kiha wakihofia kumchanganya mtoto. Hakuna haja. Aliyeelewa "tatu" kwa lugha ya mama ameielewa. Kiswahili kitampa jina jingine tu.

Kiswahili chenyewe kina mtego na kina msaada. Mtego ni kwamba namba hubadilika: watoto wawili, viazi viwili, mayai mawili. Mtoto mdogo anaweza kudhani ni namba tofauti, hivyo ahesabu vitu vya aina mbalimbali. Msaada ni kwamba "kumi na moja" inajieleza yenyewe: kumi, na moja juu yake. Ila akifika ishirini, neno halimwonyeshi tena kilichomo. Mzazi afunge vijiti kumi kumi na kumwambia: ishirini ni makumi mawili, thelathini ni makumi matatu.

Saa ya dawa

Hesabu hizi zina siku ambayo zitaokoa afya. Dawa ya mseto ya malaria hunywewa dozi 6 kwa siku 3, na dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza. Aliyemeza saa 2 asubuhi, ya pili ni saa 10 jioni. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni mpaka ziishe. Mtu akipata nafuu siku ya pili, ni rahisi kuziacha.

Mzazi anaweza kuchora visanduku sita kwenye karatasi, na mtoto akapiga alama kila dozi inapotolewa. "Vimebaki vingapi?" Hilo ni somo la kutoa, na ni kumbusho kwa nyumba nzima. Dawa yenyewe ibaki mikononi mwa mtu mzima, mahali asipofikia mtoto.

Akikosea

Kofi na maneno kama "wewe kichwa kigumu" hufunga mlango haraka. Vivyo hivyo mzazi anayesema mbele ya mwanawe kuwa "kwetu hesabu hatuna". Mtoto akisema tano badala ya nne, mzazi amwambie: "Tuhesabu tena, gusa moja moja." Mara nyingi amegusa kimoja mara mbili, naye atajirekebisha mwenyewe.

Dakika 5 au 10 kwa siku zinatosha, katikati ya kazi zilezile za nyumbani, na mtoto akichoka aachwe. Mzazi asiyejua kuandika pia anaweza. Aanze leo kwa "nipe mawili". Akipewa mawili sawasawa kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo aombe matatu.