Mjane na Mirathi: Jua Kipi Hakigawanywi Kabla ya Kugawa

Mtu anapofariki hapa kambini, mara nyingi matanga hayajaisha maneno ya mali yameshaanza. Barua au salamu zinakuja kutoka Uvira, Fizi au Kalemie: nyumba imeshapata mtu wa kuisimamia, kiwanja kinataka kuuzwa, mjane aambiwe achague kurudi kwao au kurithiwa na mdogo wa marehemu. Wajane wengi hukubali kwa sababu wanaamini kwamba hiyo ndiyo sheria. Sheria haisemi hivyo.

Makala hii ni kwa ajili yenu mliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao mali zenu zilibaki huko. Inaeleza jambo moja: kabla ndugu hawajakaa kugawa mirathi, kuna vitu ambavyo sheria imevitenga kwa ajili ya mke au mume aliyebaki. Sheria yenyewe ni Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, ile inayoitwa kwa Kifaransa Code de la famille. Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inawahusu Wakongo wote, wa kabila lolote na wa dini yoyote.

Tukisema mjane tuna maana pia ya mgane, yaani mume aliyefiwa na mke. Haki zao ni sawa.

KINGA YA KWANZA: NUSU YA MALI SI MIRATHI

Watu wengi hudhani kwamba mwanamume akifa, kila kilichomo nyumbani ni mali ya marehemu. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Wakati wa kufunga ndoa, mume na mke wanaweza kuchagua mpango wa mali zao. Wasipochagua, na wengi hawachagui, sheria inawawekea mpango wake. Kwa mpango huo, mali yote waliyoichuma katika ndoa ni ya wote wawili, hata kama jina lililoandikwa kwenye karatasi ni la mume peke yake. Nyumba waliyoijenga, mashine ya kusaga waliyoinunua, mtumbwi na nyavu, ng'ombe walionunuliwa kwa fedha ya mavuno: vyote ni vya wote wawili.

Basi mmoja akifa, mali hiyo hugawanywa kwanza mara mbili. Nusu ni ya mjane. Hairithi, kwa maana ilikuwa yake tangu mwanzo. Nusu iliyobaki tu ndiyo inayoingia katika mirathi.

Lakini ujue na upande wa pili. Mali ambayo marehemu alikuwa nayo kabla ya kuoa, na ile aliyoipata katika ndoa kwa urithi au zawadi, kama shamba la baba yake, ni yake mwenyewe. Hiyo huingia yote katika mirathi. Vivyo hivyo, kile alichorithi mke kwao ni chake peke yake, na wakwe hawana la kukidai.

KINGA YA PILI: NYUMBA YA KUISHI

Kifungu cha 785 kinampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi mume na mke, na kutumia vyombo na samani zake. Kuitumia nyumba si sawa na kuimiliki yote. Warithi wana sehemu yao ndani yake, lakini hawawezi kumtoa mjane ili wagawane. Wanapaswa kungoja.

Kifungu hicho hicho kinaongeza mambo mawili ambayo ni muhimu sana kwa mtu aliye mbali na kwao:

- Ikiwa kuna ardhi iliyoambatana na nyumba, ambayo wenye nyumba walikuwa wakiilima wenyewe, mjane ana haki ya kutumia nusu yake. Nusu nyingine ni ya watoto. Vivyo hivyo kwa biashara iliyoambatana na nyumba.

- Ikiwa nyumba imepangishwa, kodi ya pango hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mjane na watoto. Kwa hiyo shemeji anayepokea kodi ya nyumba yenu kila mwezi na kuila peke yake, anakula fedha ya mjane na ya yatima.

Haki hii ya nyumba ina mpaka. Mjane akioa au kuolewa tena na kumweka mwenzi mpya katika nyumba hiyo, hali warithi wapo, anaweza kuipoteza. Ile nusu yake ya mali iliyochumwa katika ndoa ni jambo jingine, nayo haiondoki kwa sababu ya kuolewa tena.

KINGA YA TATU: MJANE NAYE NI MRITHI

Sasa tunafika kwenye mirathi yenyewe. Sheria inawapanga warithi kwa makundi. La kwanza ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa nje lakini marehemu aliwatambua kisheria alipokuwa hai, na wale aliowafanya watoto wake kwa sheria. Kundi la pili lina sehemu tatu: mjane, baba na mama wa marehemu, na kaka na dada zake.

Watoto hupata robo tatu ya mirathi, kwa mafungu yaliyo sawa. Binti hupata sawa na mvulana. Robo inayobaki ni ya kundi la pili. Ikiwa sehemu zake zote tatu zipo, kila moja hupata theluthi ya hiyo robo, yaani fungu moja katika mafungu kumi na mawili ya mirathi yote.

Hata wosia hauwezi kuvunja haki ya watoto. Mtu hawezi kuandika kwamba mali yake yote iende kwa kaka yake na watoto wabaki mikono mitupu. Wala hawezi kumpa mtu ile nusu ya mwenzake, kwa sababu si yake.

MFANO WA HESABU

Tuseme mume ameacha mke, watoto wanne, mama mzazi na kaka wawili. Mali yote aliichuma pamoja na mkewe, na thamani yake ni dola 4,800. Hana deni.

1. Kwanza nusu ya mjane inatolewa: dola 2,400. Mirathi ni dola 2,400 zilizobaki.
2. Watoto wanapata robo tatu ya mirathi: dola 1,800. Kila mtoto dola 450.
3. Robo iliyobaki ni dola 600. Mjane 200, mama wa marehemu 200, na kaka wawili 200, kila mmoja 100.

Kwa hiyo mjane ana dola 2,600 kwa jumla, na wale kaka wawili waliotaka kuchukua vyote wana dola 200. Na kama sehemu kubwa ya mali hiyo ni nyumba ya kuishi, mjane anaendelea kukaa humo, na kaka hawawezi kumfukuza ili wapate fungu lao.

JE, MJANE ANAWEZA KURITHIWA KAMA MALI?

Hapana. Sheria ya Familia inataka kila anayefunga ndoa akubali yeye mwenyewe. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo inampa kila mtu haki ya kuoana na mtu aliyemchagua. Mjane anayekataa kuolewa na shemeji yake hapotezi nyumba, wala nusu yake, wala watoto wake.

NI NANI ANAYEGAWA?

Kwa kawaida ni yule mrithi aliye mkubwa kwa umri. Akikataa, warithi wanamchagua mwingine, na mahakama inamthibitisha. Huyu ni msimamizi, si mwenye mali. Kazi yake ni kuorodhesha mali, kulipa madeni ya marehemu, kisha kumpa kila mtu fungu lake na kutoa hesabu. Akila mali ya wengine, mjane au mtoto anaweza kwenda mahakamani.

NDOA ISIYOANDIKISHWA

Hapa wengi wanakwama. Haki tulizozitaja ni za mke au mume wa ndoa. Ndoa ya kimila, iliyofungwa nyumbani kwa mahari mbele ya familia, ni ndoa halali Kongo, lakini sheria inataka iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Isipoandikishwa, ndugu wanaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba mama huyu hakuwa mke. Kama ninyi wawili mko hai na ndoa yenu haina karatasi, msingoje msiba. Ulizeni sasa, katika ofisi ya msaada wa sheria, ni njia gani mnayoweza kuifuata.

Sheria inatambua mke mmoja tu. Mke wa pili aliyeolewa wakati ndoa ya kwanza ipo hahesabiwi kuwa mjane. Hata hivyo, watoto wake hawahukumiwi kwa hilo: ikiwa baba aliwatambua, wanarithi sawa na wengine.

UFANYE NINI UKIFIWA HAPA KAMBINI

1. Andikisha kifo mapema. Kwa sheria ya Tanzania kifo kinapaswa kuandikishwa katika siku 30. Tunza karatasi ya hospitali na kibali cha mazishi mpaka upate hati ya kifo. Bila hati hiyo, mahakama ya Kongo itakuwa na shida kukusikiliza.

2. Andika orodha ya mali zote, za hapa na za kule. Taja kila kitu kilipatikana mwaka gani na kwa njia gani: kununua, kujenga, zawadi au urithi. Mashahidi wawili au watatu wanaoijua familia waweke sahihi.

3. Kusanya kila karatasi: hati ya ndoa, daftari la mahari, karatasi za kiwanja, stakabadhi za mabati na saruji, hati za kuzaliwa za watoto. Kama huna, andika majina ya watu walioshuhudia. Usimpe mtu karatasi ya asili, mpe nakala.

4. Usiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hukusomewa yote katika lugha unayoielewa. Karatasi ya kukubali kuuza inaweza kufunga mlango wako kwa miaka mingi.

5. Kama shemeji yuko Kongo na anataka kuuza, mwandikie barua yenye tarehe kwamba hukubali, nawe ubaki na nakala. Kukimbia vita si kuuza nyumba, wala si kuitoa zawadi.

6. Nenda kwa kiongozi wa kijiji chako, kisha katika ofisi ya msaada wa sheria. Wazee wanaweza kuwapatanisha, na mapatano mema ni bora kuliko kesi ndefu. Lakini mapatano yaanze na nusu ya mjane na nyumba yake, ndipo yaje kwenye mafungu.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu hapa kambini. Kadi ya chakula na nyumba uliyopewa kambini si mirathi. Hakuna ndugu anayeweza kuzidai kama urithi. Wewe toa habari ya kifo ofisini ili kadi ya familia irekebishwe. Na kama marehemu ameacha mali iliyo Tanzania, kama fedha au bidhaa za biashara, hiyo hufuata utaratibu wa Tanzania. Uliza kabla ya kuigawa.

Ndugu msomaji, kama wewe si mjane bali ni shemeji, baba au kaka wa marehemu, makala hii ni yako pia. Fungu lako lipo na sheria inalilinda. Lichukue hilo, kwa wakati wake. Na wewe uliye na mwenzi hai, keti naye jioni moja muandike ni nini mlichokichuma pamoja. Karatasi hiyo moja inaweza kuwaokoa watoto wenu siku ambayo hakuna anayeitaka ifike.